Nikimfuata Mkunga: Siku Tano Kutoka Arusha Hadi Ziwa Jipe

Kosa lilianzia kwenye wingi. Mwishoni mwa Mei nilikuwa mkalimani kwenye warsha moja hapa Arusha. Wageni wa nchi kadhaa walikuwa wakijadili namna ya kuwalinda samaki wanaohama mitoni, nami nimejifungia kwenye kile kibanda cha wakalimani, vipokea sauti masikioni. Mtaalamu mmoja akataja samaki mrefu kama nyoka, anayezaliwa baharini, akakulia mtoni, kisha akarudi baharini kuzaa na kufa. Nikasema “mkunga”. Hapo nilikuwa salama. Sentensi iliyofuata nikasema “wakunga wanapanda mto Pangani”, badala ya “mikunga”. Wakati wa chai mzee mmoja wa kikundi cha wavuvi akanifuata na kikombe chake mkononi.

“Mwanangu, hao wakunga wanaopanda Pangani, wanakwenda kumzalisha nani?”

Tulicheka wote wawili. Usiku sikulala vizuri. Kwa siku mbili nilikuwa nimepitisha mdomoni takwimu nzito bila kuzisikia: kwamba tathmini ya mwaka 2024 ilifuatilia aina 284 za samaki wahamao wa maji baridi duniani ikakuta wingi wao umeshuka kwa wastani wa asilimia 81 kati ya 1970 na 2020, kwamba kati ya samaki walioorodheshwa kwenye Mkataba wa Bonn wa 1979, ule wa wanyama wahamao ambao Tanzania na Kenya zimo, asilimia 97 wako hatarini kutoweka. Nilizitamka kama mtangazaji anavyosoma bei za mazao. Na mto waliokuwa wakiutaja una maji ninayovuka kila nikienda Moshi kumsalimu mama mdogo.

Nikaomba likizo ya siku tano. Haya nimeyaandika baada ya kurudi nyumbani, nikiunganisha daftari lililolowa na picha za simu. Kama saa fulani haziendani, lawama ni za daftari.

Siku ya kwanza, Jumanne: Arusha, Chemka, Moshi

Nilifika stendi saa moja na nusu. Konda wa Coaster akaapa kwamba imebaki siti moja tu na gari linaondoka. Siti hiyo moja iliingiza watu kumi na wawili kabla hatujatoka, saa mbili na robo. Nauli hadi Boma Ng'ombe nililipa 4,000. Maji ya Chai trafiki akatusimamisha, Kikatiti tairi likaisha upepo, na tukakaa pembeni mwa barabara dakika arobaini tukimtazama suka akipigana na jeki iliyokataa kunyanyua. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya ndizi mbivu akaanza kuzigawa kwa watoto, kisha kwa watu wazima. Nilipotaka kumlipa akasema, “Ningezifikisha Boma zimeshapondeka. Kula, baba.”

Boma Ng'ombe nikachukua bodaboda kwenda Chemka. Tulipatana 15,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Vumbi la njia ile linaingia hadi kwenye soksi.

Watu wengi huenda Chemka kuogelea, kujirusha kwa kamba na kupiga picha. Mimi nilitaka kuanzia pale kwa sababu maji yale ya chemchemi yanaingia Kikuletwa, na Kikuletwa ni mkono mmoja wa Pangani. Mkono wa pili ni Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe. (Si ile Ruvu ya Pwani. Shemeji yangu alinibishia hili hadi nikamfungulia ramani.) Mikono hiyo inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale mto unashuka kuelekea Korogwe, Hale, hadi baharini mjini Pangani. Bonde lote lina zaidi ya kilomita za mraba 43,000, na kipande chake kiko Kenya.

Nilikaa kwenye mzizi wa mti, miguu majini, vile visamaki vidogo vikinidonoa nyayo. Kijana anayekodisha maboya akaniuliza mbona siogelei. Nikamwambia natafuta samaki anayetoka upande wa pili wa Madagaska. Akanitazama kwa huruma, akaniletea soda, na hakuniuliza tena.

Kwa atakayekwenda: fika kabla ya saa nne, na usiende Jumapili kama unataka kusikia maji. Mzawa na mgeni wana viingilio tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho. Bei ya bodaboda ipatane pamoja na kusubiri, la sivyo utarudi kwa miguu au kwa bei ya dereva.

Jioni Moshi, kwa mama mdogo, mtaa wa Pasua. Mtori wa moto, kipande cha nyama chini ya bakuli kama kawaida yake. Nilimweleza safari. “Babu yako alikuwa hali samaki kabisa,” akasema. “Alisema kitu kisicho na shingo utakichinjaje? Sasa wewe unakwenda kumtafuta samaki mwenye sura ya nyoka. Kula kwanza.”

Siku ya pili, Jumatano: Nyumba ya Mungu

Basi dogo kutoka Moshi hadi Mwanga, 3,000, safari ya saa moja na ushei. Himo tukapoteza robo saa kwa sababu ya mbuzi aliyekataa kupanda kwenye buti. Mwanga nikapata dereva wa bodaboda mtu mzima, mwenye koti zito la baridi kwenye jua la saa nne. Hadi bwawani, kuzunguka na kurudi, 30,000. Baadaye niliona ni halali yake: njia ni changarawe, mchanga, mawe, kisha mchanga tena, na mara mbili nilishuka kumsaidia kusukuma.

Bwawa lenyewe likitokea mbele yako unashtuka. Nchi yote kavu, migunga na miiba, halafu ghafla maji hadi macho yanapokoma. Ukuta ulijengwa miaka ya 1960, na mitambo yake ya umeme ni ya megawati 8, kidogo sana ukilinganisha na Hale yenye 21 au Pangani Falls mpya ya mwaka 1995 yenye 68. Lakini kazi kubwa ya bwawa hili ni kuweka akiba ya maji kwa ajili ya hao walio chini. Mitambo usiipige picha bila ruhusa. Mlinzi alinieleza hilo kwa upole mara ya kwanza, na sikutaka kusikia mara ya pili.

Nilisimama pale juu nikitafuta kwa macho kitu ambacho wageni wa warsha walikitaja kila baada ya dakika tano: ngazi ya samaki. Ni mfereji uliopangwa kwa vidimbwi kama vidato, samaki akapumzika kimoja baada ya kingine hadi juu. Kwa mikunga huwekwa hata mteremko wenye nyuzi ngumu kama za brashi, maji yakitiririka kidogo, wao wakajinyonganyonga kupanda. Sikuiona ngazi ya aina yoyote.

Mwaloni, wanawake walikuwa wakipanga perege kwa fungu. Hapo ndipo nilipoelekezwa kwa mzee ninayetaka kumsimulia. Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliogeuzwa, akishona wavu, uzi ameushika kwa kidole gumba cha mguu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umetumwa na serikali?”

“Hapana mzee. Nimekuja mwenyewe. Namtafuta mkunga.”

“Mkeo yuko wapi?”

Mara ya pili ndani ya wiki moja! Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaishika simu mbali na macho, akacheka bila sauti. “Huyu. Sisi tulimwita samaki nyoka. Wengine walimtupa. Mimi nilimla.”

Akanisimulia. Alikuja bwawani kijana, uvuvi ulipokuwa umechangamka, watu wakitoka hadi Ziwa Victoria kuja kuvua hapa. Samaki nyoka hawakuwa wengi, lakini kila mwaka alikamatwa mmoja, wawili. Wa mwisho aliyemkamata yeye ilikuwa mwaka wa mvua kubwa, usiku usio na mwezi, karibu na ukuta. Alikuwa mnene kama mkono wake. “Mgongo mweusi, tumbo linang'aa kama sahani ya bati. Macho makubwa, makubwa kuliko ya hao wengine. Nilipompasua, tumbo tupu. Hana hata mdudu. Nikajiuliza, samaki mnene hivi ameshibaje?”

Niliandika maneno yale kama alivyoyasema, bila kujua nimeandika nini.

Tulikula pamoja. Mama mmoja muuza chakula alikaanga perege wawili, ugali na kachumbari yenye pilipili ya kutoa machozi, 5,000 kwa sahani, na akakataa kuchukua ya mzee. Mazungumzo yakahamia kwenye makokoro, zile nyavu za kukokota zinazozoa hadi vifaranga, na jinsi bwawa lilivyowahi kufungiwa uvuvi ili samaki wapumzike. Mzee hakuwa upande wa mtu. “Kufunga ni sawa,” akasema. “Lakini tumbo halifungwi.”

Kabla sijaondoka akanishika bega. “Ukipata jibu, unipigie. Yule samaki alishiba nini?”

Akanitajia namba taratibu, tarakimu moja moja, kama mtu anayehesabu fedha.

Siku ya tatu, Alhamisi: Moshi

Mvua na mafua. Nililala hadi saa sita. Mama mdogo akanichemshia tangawizi.

Mchana nilisoma makaratasi ya warsha kwa utulivu kwa mara ya kwanza, kama msomaji na si kama kasuku. Mito yetu ya Afrika Mashariki ina aina nne za mkunga. Inaaminika wanazaliana upande wa mashariki wa Madagaska, ile wazee wa pwani waliyoiita Bukini. Viluwiluwi vyao, bapa kama jani na vinavyopenyeza mwanga, hubebwa na mkondo wa bahari kuja huku. Wakifika mlangoni mwa mto wamekuwa vijiti vya kioo, unaona hadi uti wa mgongo. Wanapanda. Wakiwa wadogo wanaweza hata kutambaa juu ya jiwe lililolowa au ukuta unaovuja, ndiyo maana wengine hupatikana mahali ambapo hukutegemea. Wanakaa mtoni miaka kumi, hata ishirini. Kisha mwaka mmoja, mvua zikijaa na usiku ukiwa wa giza, wanageuka kurudi. Mgongo unakuwa mweusi, tumbo linakuwa la fedha, macho yanapanuka kwa ajili ya kina cha bahari, na wanaacha kula kabisa. Safari yote ya kurudi wanaishi kwa mafuta ya mwilini.

Nilisoma hapo mara tatu. Halafu nikafungua daftari kwenye ukurasa wa jana.

Sikumpigia mzee siku ile. Nilikuwa na homa, na nilijiambia habari kama hiyo haitolewi kwa sauti ya mafua. Kwa kweli niliogopa.

Siku ya nne, Ijumaa: Ziwa Jipe

Hii ndiyo siku iliyoninyoosha. Kutoka Moshi kwa basi la Mwanga nilishuka Kifaru, saa mbili na nusu. Kuna gari la abiria linalokwenda upande wa ziwa, wakaniambia, “likijaa”. Hadi saa tano lilikuwa na mimi, kuku watatu na gunia la unga. Nikachukua bodaboda, 25,000 kwenda tu. Baada ya Kigonigoni tairi la nyuma likapasuka. Hapakuwa na mtu, mti wa kivuli wala mtandao. Milima ya Upare mkono wa kulia, na mbele yetu uwanda mweupe wa jua.

Baada ya nusu saa akatokea kijana wa Kimaasai na baiskeli, na kwenye mkoba wake wa plastiki alikuwa na gundi, kipande cha mpira na msasa. Alibandika lile tairi akiwa amechuchumaa, akapampu kwa pampu ya baiskeli hadi jasho likamdondoka kidevuni. Fedha alikataa. Nilipomkatalia kukataa, akaomba maji ya kunywa. Nilimpa chupa nzima, na dereva akampa nusu ya mkate wake.

Kwa hiyo, utakayekwenda Jipe: beba maji lita tatu na si moja, ondoka alfajiri, na mwambie dereva abebe vifaa vya kuziba pancha hata akikucheka. Jioni tembo wa Tsavo huvuka kuja mashambani. Usiwe njiani jua likizama.

Ziwa hulioni haraka. Unaona kwanza ukuta wa matete na magugu, kijani, mrefu kuliko mtu. Wavuvi wamekata vichochoro ndani yake, upana wa mtumbwi mmoja, na unasukumwa kwa mti humo ndani kama unaingia kwenye korido. Halafu magugu yanaisha na mwanga unakupiga. Kilimanjaro nyuma, nusu imefunikwa. Ng'ambo ya maji ni Kenya, vilima vya Tsavo Magharibi, karibu hivi kwamba niliona vumbi la gari.

Aliyenisukuma alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, mtu wa makamo, mwenye kofia ya timu asiyoipenda. (“Ilikuja kwenye mtumba.”) Alinionyesha perege wa pale, ambaye kitaalamu amepewa jina la ziwa hili hili, *Oreochromis jipe*, na ambaye wataalamu wamemweka kwenye ngazi ya hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Alimshika kiganjani. “Huyu siku hizi namjua mmoja mmoja,” akasema.

Kisha akanionyesha kwa kidole mto Lumi unakoingilia. Lumi unatoka Kilimanjaro, unapita Taveta, upande wa Kenya, unaingia Jipe. Ruvu unatoka Jipe, unarudi kwetu, unakwenda Nyumba ya Mungu. Maji yaleyale yanavuka mpaka mara mbili bila pasipoti. Udongo unaomomonyoka kule juu unakuja kutulia hapa, magugu yanaushika, mdomo wa Ruvu unaziba. Mvua zikija, kambale hutafuta njia ya kupanda kwenye maji mapya wakatage, na njia ikiwa imezibwa, au imekingwa wavu mto mzima, mwaka huo hawana watoto.

“Na mpaka?” nikauliza.

“Mpaka uko katikati ya maji. Upepo hauujui.” Akasimulia jinsi nyavu zao zilivyosombwa usiku mmoja, wakazifuata, wakashikwa na walinzi wa upande wa pili, wakalala ndani siku mbili. Na wavuvi wa kule nao yamewakuta huku. “Wale si maadui. Tumeoa kwao. Lakini sisi tukifunga uvuvi wao wamefungua, wakifunga wao sisi tumefungua. Samaki anapumzika upande mmoja anakwenda kukamatwa upande mwingine. Sasa hapo tumefanya nini?”

Hilo ndilo lililojadiliwa Arusha siku mbili nzima, kwa lugha tatu na viyoyozi, na yeye alilimaliza kabla hatujafika kwenye matete. Makubaliano yapo. Mwaka 2013 Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya kusimamia kwa pamoja maji ya Chala, Jipe na mto Umba. Nilipomtajia, alikuwa anaijua, hata alikumbuka kikao. Alichotaka yeye ni kidogo zaidi: tarehe moja ya kufunga, saizi moja ya matundu ya nyavu, na namba ya simu ya mwenyekiti mwenzake wa ng'ambo, iandikwe ukutani kwenye ofisi zote mbili. Hii ya mwisho wameshaifanya wenyewe. Ukutani pale mwaloni niliiona, kwa mkaa, imeandikwa “KENYA” na namba chini yake.

Akaniuliza kama kuna mahali popote duniani jambo hili limefaulu. Nikamweleza mto Rhine, unaopita nchi kadhaa za Ulaya. Samoni, samaki wanaohama nao kati ya bahari na mto, walikuwa wamekwisha kabisa katikati ya karne iliyopita, kwa mabwawa na uchafu. Mwaka 1986 ghala la kemikali likaungua karibu na Basel, Uswisi, sumu ikaingia mtoni, samaki wakafa mamia ya kilomita. Nchi za mto ule zikaona aibu kwa pamoja, zikajiwekea lengo: samoni warudi ifikapo mwaka 2000. Viwanda vikabanwa, ngazi za samaki zikajengwa kwenye mabwawa, ile ya Iffezheim ikafunguliwa mwaka huohuo wa 2000, na samoni wakaanza kuonekana tena.

“Kwa hiyo walisubiri moto,” akasema.

“Ndiyo.”

Akasukuma mti wake majini. Sikuwa na la kuongeza.

Chakula cha jioni: makande ya Kipare na chai ya rangi, nyumbani kwake. Nilipewa kitanda cha mtoto wake wa kiume, ambaye alilala sebuleni na hakuninung'unikia. Usiku viboko walikoroma hadi nikadhani ni mwenyeji.

Siku ya tano, Jumamosi: Holili, Taveta na kurudi

Mwenyekiti aliniombea lifti kwenye pikapu ya vitunguu hadi barabara kuu. Himo, kisha Holili, 2,000. Siku ya Jumamosi ni ya gulio Taveta (Jumatano pia), na foleni ilikuwa ya akina mama wenye mabeseni. Kituo cha Holili na Taveta ni cha pamoja: unagongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja. Beba pasipoti au hati ya muda, na kadi ya homa ya manjano. Kubadili fedha, kwa hesabu ya haraka shilingi moja yao ni kama ishirini zetu, na ukisahau hivyo utanunua chai ukidhani ni ya bure.

Nilitaka kuuona Lumi tu. Niliuona ukipita kati ya mashamba ya migomba, maji ya kutosha, yanasukumwa na chemchemi kama Njoro Kubwa. Mifereji ya kumwagilia inachomoka kulia na kushoto, kama mifongo yetu ya Uchagani. Mwanamke aliyekuwa akifua akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwuliza kama amewahi kuona samaki nyoka humu. “Mimi hapana. Lakini nyanya yangu alikuwa akitukataza kuwaua,” akasema. “Sababu hakutuambia.”

Taveta nilikula chapati na maharagwe. Muuza samaki mmoja gulioni, nilipomweleza habari ya mkunga, aliuliza swali la biashara moja kwa moja: bei yake ni ngapi? Nilisita kumjibu. Mkunga wa Ulaya alivunwa hadi akawekwa kwenye ngazi ya hatari kubwa kabisa. Mwaka 2007 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zikakubaliana kuidhibiti biashara yake, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukazuia asisafirishwe nje. Wanunuzi wa Asia hawakuacha kula. Waligeukia mikunga wa aina nyingine. Ndiyo maana wale watu wa Arusha walikuwa na haraka: ukifunga mlango mmoja tu, mwizi anazunguka nyumba. Nikamwambia yule ndugu kwamba samaki huyu hana nyama ya maana. Ulikuwa uongo, na mzee wa Nyumba ya Mungu angenikana.

Taveta hadi Moshi, Moshi hadi Arusha, vumbi na usingizi. Saa tatu usiku niko nyumbani. Jumla ya safari, chakula, nauli na bodaboda: 187,000, ukiacha soda niliyopewa, ndizi, lifti na kitanda.

Baadaye

Nilimpigia mzee wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejipanga cha kusema, kama kibandani.

“Mzee, yule samaki wako hakuwa ameshiba. Alikuwa ameacha kula. Akianza safari ya kurudi baharini hali tena.”

“Alikuwa anakwenda baharini?”

“Mbele ya bahari yetu. Huko Bukini. Kuzaa.”

Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia akina mama wakigombania fungu la samaki.

“Kwa hiyo alikuwa mkunga kweli,” akasema, na hakucheka. Kisha, “Na huu ukuta, angeupitia wapi?”

Nikamweleza ninachojua. Kupanda, wakiwa wadogo kama kijiti, wengine hutambaa wakapita. Kushuka, akiwa mnene vile, zipo njia mbili: kwenye mitambo, ambako mapanga humkata, au juu ya ukuta kama bwawa limejaa na maji yanamwagika. Na akivuka hapo, kuna Hale na Pangani Falls mbele yake.

“Mwaka ule yalimwagika,” mzee akasema. “Nakumbuka, kwa sababu tulikwenda kutazama.”

Akaniuliza nitarudi lini, na nikirudi nimletee ile picha, iliyosafishwa, ya karatasi. Si ya samaki. Ile ya yeye na wavu.